Mama, Mtoto na Uhuru: Kutoka Freretown hadi Pumwani

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ina majina yenye historia nzito: Kariokor inakumbusha wapagazi walioswagwa kwenda vitani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jericho na Jerusalem yametoka katika Biblia, Ofafa ni jina la diwani aliyeuawa wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, na mtaa wa Mbotela, ulio katika eneo la Makadara, umepewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, ambaye naye aliuawa jijini humo Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Tom alikuwa mwana wa James Juma Mbotela, mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934, na asili ya ukoo wao ni watu waliotekwa upande wa ziwa Nyasa, wakapakiwa jahazini ili wakauzwe, wakaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, kisha wakapewa makao Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa ambacho shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, lilikianzisha karibu na kisiwa cha Mombasa katikati ya miaka ya 1870. Ukoo huo huo ndio uliomtoa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilisikika redioni kwa miongo mingi katika nyumba za Kenya, zikiwemo zile za mtaa wenye jina la jamaa yake.

Jina hilo, basi, limetoka kwa mateka likaingia kitabuni, likaingia katika siasa, redioni na hatimaye katika ramani ya jiji, lakini katika safari yote hiyo limepita kwa akina baba. Makala haya yanauliza akina mama wako wapi katika masimulizi ya utumwa ya Afrika ya Mashariki, na kwa nini fasihi ya kubuni, ambayo kazi yake ni kuingia pale ambapo kumbukumbu za serikali na za misheni hazikuweza kufika, imewaendea kwa kusitasita kiasi hiki.

Riwaya inayotajwa kwanza kila mada hii inapozungumzwa ni Beloved ya Toni Morrison, Mmarekani mweusi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1993. Riwaya hiyo iliyotoka mwaka 1987 ilichochewa na kisa cha kweli cha Margaret Garner, mwanamke mtumwa ambaye Januari 1856 alitoroka Kentucky pamoja na familia yake kwa kuuvuka mto Ohio ulioganda, na wakamataji walipoizingira nyumba waliyojificha huko Cincinnati, akamuua binti yake mdogo kwa mkono wake mwenyewe ili asirudishwe utumwani. Morrison hakuandika historia ya Garner. Alimbuni Sethe, akamweka katika nyumba inayosumbuliwa na mzuka wa mtoto aliyeuawa, na akaianza hadithi miaka kumi na minane baada ya tendo lenyewe, yaani mwaka 1873, wakati utumwa nchini Marekani ulikuwa umekwisha kisheria. Uamuzi huo wa kuanza baadaye ndio unaoipa riwaya nguvu, kwa sababu kinachosimuliwa si utumwa peke yake bali kiwewe chake, yaani jeraha la nafsi ambalo tukio lililolileta limepita ilhali maumivu yake hurudi bila kuitwa, katika ndoto, katika ukimya wa nyumba, au katika hofu ambayo mtu hawezi kuitolea sababu.

Ili kuelewa kwa nini jeraha hilo limewekwa katika umama, ni lazima kuitazama sheria. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha kanuni kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba yake ni bwana mwenye shamba. Kwa kanuni hiyo tumbo la mwanamke lilikuwa sehemu ya mali ya bwana, na kila alipojifungua aliongeza utajiri wa mtu mwingine. Ndiyo maana Sethe anaumia zaidi kwa kunyang'anywa maziwa aliyokuwa amemwekea mtoto wake kuliko kwa mijeledi iliyomchana mgongo, na ndiyo maana mama mkwe wake, Baby Suggs, aliyezaa watoto wanane na kuachiwa mmoja tu wa kukaa naye, amejizoeza kutozikariri sura za wanawe. Kwa wanawake hawa uhuru si kutembea bila pingu tu. Ni kuweza kumpenda mtoto bila kuogopa kwamba kesho atauzwa.

Katika pwani ya Waswahili sheria ilikuwa tofauti, na tofauti hiyo imewafanya baadhi ya waandishi kudai kwamba utumwa wa huku ulikuwa wa upole. Chini ya sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria, yaani mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke bila ndoa, alikuwa huru tangu kuzaliwa ikiwa bwana alimkubali kuwa wake, na mama yake aliitwa umm walad, mama wa mtoto, asiyeweza kuuzwa tena na ambaye alikuwa huru bwana akifa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alizaliwa na suria wa Kicherkasi, na hakuna aliyetilia shaka kwamba yeye ni binti wa mfalme. Lakini mtoto wa mjakazi aliyezaa na mtumwa mwenzake alikuwa wa bwana wa mama yake, kama kule Virginia, na hata suria mwenyewe alipata ulinzi kupitia kwa mtoto tu, si kwa haki yake: asipozaa, au bwana akimkana mtoto, hakuwa na kitu. Hali ya yaya ilikuwa na kinaya cha aina yake. Mjakazi aliyemnyonyesha mtoto wa bwana alikuwa mama wa ziwa, na watoto wake wakawa ndugu wa kunyonya ambao sheria ilikataza wasioane na yule waliyenyonya naye ziwa moja. Undugu huo ulitosha kuzuia ndoa, lakini haukutosha kumwacha huru mwenye ziwa. Upole wa namna hiyo unahitaji kutazamwa mara mbili kabla ya kusifiwa.

Uhuru nao ulipokuja ulikuja kwa vipande, na mama ndiye aliyesubiri mpaka kipande cha mwisho. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Morrison ameuchagua kuanzia riwaya yake, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Aprili 1897 hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika visiwa vya Unguja na Pemba, mtumwa akitakiwa kwenda mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo kwa hoja kwamba wao ni kama wake na hawapaswi kutolewa majumbani. Katika ukanda wa pwani ya Kenya amri kama hiyo ilipitishwa mwaka 1907, na masuria wa Zanzibar hawakuguswa hadi mwaka 1909, tena kwa sharti zito: suria aliyeondoka bila ridhaa ya bwana wake alipoteza haki ya kukaa na watoto wake. Waingereza walioyaandika maneno hayo waliishi miongo mingi kabla ya Beloved, lakini walikuwa wameiona siri ambayo Morrison alikuja kuifanya kiini cha kitabu chake, kwamba mama anaweza kufungwa kwa mtoto wake kwa uthabiti kuliko kwa mnyororo.

Kisa kinachokaribia zaidi kile cha Garner katika Afrika ya Mashariki ni cha Swema, msichana wa Kiyao ambaye habari zake zilikusanywa na mapadri wa Roho Mtakatifu huko Zanzibar katika miaka ya 1860, zikachapishwa Ufaransa mwaka 1870, na zaidi ya miaka mia moja baadaye zikachambuliwa na mwanahistoria Edward Alpers. Baba yake Swema alifariki, nzige wakala mazao, njaa ikawaua ndugu zake, na mama yake akakopa nafaka ambayo hakuweza kuilipa. Mdai akamchukua mtoto na kumuuza kwa msafara wa wafanyabiashara kwa vitambaa. Hapo ndipo mama yule alipofanya jambo ambalo sheria ya biashara haikulitarajia. Kwa kuwa hakuweza kumkomboa binti yake, aliomba yeye mwenyewe aende na msafara, akakubaliwa kwa sharti la kubeba pembe ya ndovu, akatembea na Swema kuelekea pwani mpaka nguvu zilipomwishia, akanyimwa chakula, kisha akaachwa njiani huku mtoto akipigwa ili asonge mbele. Swema alifika Zanzibar akiwa mahututi, akafukiwa katika kaburi la kina kifupi kwa kudhaniwa kwamba hawezi kupona, akafukuliwa na mpita njia aliyesikia kilio na kupelekwa misheni.

Kisa hiki si riwaya, lakini hakikosi ubunifu, kwa maana kiliandikwa na mapadri waliotaka kuwagusa wafadhili wa Ulaya, na kinamalizia kwa Swema kumuuguza na kumsamehe mfanyabiashara yule yule aliyemtenda vibaya, jambo linaloifaa sana misheni na labda linamfaa Swema kwa kiasi kidogo zaidi. Msomaji makini atagundua kwamba msamaha umepewa nafasi kubwa na maombolezo ya mama yamepewa nafasi ndogo. Hata hivyo, tendo la mama wa Swema limebaki, na pengine ni zito kuliko la Garner kwa namna yake: Garner alimtoa mtoto nje ya utumwa kwa kifo, mama wa Swema aliingia utumwani kwa hiari ili asimwache mtoto peke yake. Jina la mama huyo halifahamiki katika mitaala ya shule, na hakuna mwandishi mkubwa wa riwaya wa Afrika ya Mashariki aliyelitwaa tendo lake kama Morrison alivyolitwaa la Garner.

Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kingeweza kufanya kazi hiyo mapema, kwa sababu mwandishi wake alikulia miongoni mwa watu walioyaona mambo hayo kwa macho yao. Wataalamu wamebishana kama kitabu hicho ni historia au ni riwaya ya mwanzo ya Kiswahili, na Waislamu wa pwani wamekilalamikia kwa kuwa kinawabebesha Waarabu lawama yote na kuwapamba Waingereza kama waokozi. Malalamiko hayo yana msingi, kwani kitabu kilitoka katika mikono ya misheni na kilisomwa shuleni chini ya serikali ya kikoloni, lakini kasoro nyingine haijatajwa sana: mkazo wake uko kwenye safari, manowari na ukombozi, ilhali mwanamke aliyetenganishwa na wanawe njiani hapewi nafasi ya kuyatazama mambo kwa jicho lake. Neno uhuru katika kitabu hicho lina maana ya kutolewa mikononi mwa mtu mmoja na kukabidhiwa mikononi mwa mwingine aliye mwema zaidi. Mama kudai watoto wake hakumo katika maana hiyo.

Waandishi waliofuata wamelisogelea suala hili kwa njia za pembeni. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, amemchora Kijakazi, mtumishi ambaye utumwa umekwisha kisheria lakini haujatoka moyoni mwake, kiasi kwamba Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yanamkuta bado akimwonea uchungu bwana aliyemdhulumu. Hapo kiwewe kimevaa sura ya utiifu. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa mwaka 2021, katika Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, amesimulia habari za Yusuf, mtoto anayewekwa rehani, yaani anayetolewa kama dhamana ya deni la baba yake, na habari za Amina, msichana aliyetolewa kwa njia hiyo hiyo na kuishia kuwa mke wa mdai. Riwaya zote mbili ni kazi za kiwango cha juu, lakini jicho la riwaya ya kwanza linaangalia kasri na la ya pili linamfuata kijana wa kiume. Mama wa Yusuf anabaki nyuma, na msomaji haruhusiwi kurudi kwake nyumbani.

Kwa hiyo, anayemtafuta mama katika riwaya ya Kenya itambidi arudi Eastlands, na hususan Pumwani, ingawa huko hadithi si ya utumwa wenyewe. Tahadhari inahitajika hapa, maana ni rahisi mno kuiita kila dhulma ya kikoloni utumwa, na kufanya hivyo kunawadhulumu waliouzwa sokoni. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makao rasmi ya Waafrika wa Nairobi, na mpango wa jiji ulimhesabu Mwafrika kuwa mfanyakazi mwanamume, mwenye kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni na nafasi ya kitanda kimoja, ambaye mke na watoto wake wanapaswa kubaki mashambani. Hata Kaloleni, mtaa uliojengwa kwa kufikiria familia, haukuwepo hadi miaka ya 1940. Wanawake waliokuja mjini licha ya mpango huo, kama walivyoelezwa na watafiti Janet Bujra na Luise White, walijenga na kumiliki nyumba nyingi za Majengo, huko huko Pumwani, na za kijiji cha zamani cha Pangani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wao wakasilimu, na waliokosa watoto wakajichagulia warithi wao. Kwa mwanamke aliyekatwa na ukoo wake, kuteua mrithi ni kujipatia uzao kwa njia ya mkono badala ya tumbo, na bado hakuna riwaya iliyoitendea haki siasa hiyo ya nyumba za udongo za Majengo.

Iliyoandikwa ni Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Sinclair. Macgoye alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954 kama muuza vitabu wa CMS, shirika lile lile la Freretown, akaolewa katika jamii ya Waluo na kuifanya Kenya kwao hadi alipofariki mwaka 2015. Mhusika wake, Paulina, anashuka garimoshi Nairobi mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka kumi na sita, jiji likiwa bado chini ya Hali ya Hatari na misako yake, anafikia chumba cha mumewe Pumwani, mimba yake inaharibika, na anapotoka hospitali ya uzazi anapotea katika jiji ambalo halijui, kisha anapigwa na mume kwa kuchelewa kurudi. Miaka inapita, taifa linazaliwa, naye hazai. Mtoto pekee anayempata, kwa mwanamume mwingine, anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, siku ambayo walinzi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika wakati wa ziara ya Rais Kenyatta.

Hapo ndipo riwaya ya Pumwani inapokutana na riwaya ya Cincinnati, bila kulazimisha ulinganifu. Sethe anamuua mwanawe ili dola isimchukue. Paulina anaiona dola ikimchukua wake ikiwa tayari inajiita huru. Macgoye anakataa kuyafanya maombolezo yawe mzuka. Paulina anasonga mbele kwa kujifunza kazi, kulipwa mshahara, kumiliki uamuzi wake na kumpokea mume kwa masharti mapya, na mwishoni, karibu mwaka 1978, ana mimba tena, na kitabu kinaisha kabla hajajifungua. Wapo wasomaji wanaoona mwisho huo kuwa wa matumaini mepesi, na hoja yao haikosi uzito, kwani mtoto aliyeuawa Kisumu anapewa kurasa chache kuliko anavyostahili; lakini uhodari wa Macgoye ni kutomfanya mtoto ajaye kuwa fidia ya aliyekufa. Mwaka 1987, mwaka uliotoa Beloved, mwandishi huyo alitoa The Present Moment, riwaya inayowakusanya wanawake wazee wa jamii mbalimbali katika nyumba ya hisani jijini Nairobi, kila mmoja na yale aliyoyapoteza, na katika maongezi yao historia ya Kenya inasikika kwa mpangilio ambao vitabu vya siasa haviujui.

Malighafi ya riwaya inayokosekana ipo, tena kwa Kiswahili. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi Mombasa masimulizi ya maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, aliyetoka katika ukoo wa mabwana, Bi Shamsa Muhashamy, na Bi Mishi wa Abdala, wa uzao wa watumwa, ambayo yalichapishwa mwaka 1989 kwa Kiingereza na baadaye kidogo kwa Kiswahili, na ndani yake umo mchango mkubwa wa wanawake wenye asili ya utumwa katika ngoma, unyago na malezi ya mji ule. Mwandishi atakayeyatumia hatahitaji kuazima mzuka wa Ohio, kwa kuwa amri ya mwaka 1909 inamsubiri na suria wake mmoja, mbele ya karani mmoja, akiambiwa kwamba akitoka leo ni huru na watoto watabaki.